Mafunzo ya urafiki kwa watoto wenye ADHD: wiki 12, vyumba viwili

Mafunzo ninayoyatathmini hapa ni ya wiki 12, na lengo lake ni kuwasaidia watoto wenye ADHD kupata marafiki na kudumisha urafiki huo. Mara moja kwa wiki mzazi na mtoto hufika pamoja, kisha hutenganishwa. Watoto wanane huingia chumba kimoja na wawezeshaji wawili na kukaa humo dakika 90. Wazazi husubiri kwenye mabenchi ya ukumbini kwa saa nzima, ndipo huitwa katika chumba cha pili kwa dakika 30 za mwisho. Nimeyamaliza pamoja na binti yangu wa miaka 9. Sitayataja kwa jina, kwa sababu baadhi ya nitakayosema si sifa, na kwa sababu mpangilio wake unafanana na wa mafunzo mengi ya aina hii, hivyo mzazi anayefikiria kumwandikisha mtoto wake kwingine anaweza kuyapima kwa haya. Hukumu yangu naitoa mapema: sehemu inayotangazwa kwenye kipeperushi, yaani ile ya watoto, ndiyo iliyotunufaisha kidogo, na zile dakika 30 zilizosukumwa mwishoni kana kwamba ni nyongeza ndizo zilizotuletea rafiki.

Ili hukumu hiyo ieleweke, nieleze kwanza tulifika tukiwa na shida gani. ADHD ni hali ya ubongo inayomfanya mtu apate taabu kuelekeza umakini, kutulia na kujizuia. Haitokani na ukaidi wala malezi mabovu, ingawa wazazi wengi tumewahi kuambiwa hivyo tukiwa tumemshika mtoto mkono. Binti yangu ana moyo mkunjufu na anapenda watu kuliko watu wanavyomudu kupendwa. Huingia katika mchezo wa wenzake kwa kubadilisha kanuni zake, humkatiza mwenzake kabla hajamaliza sentensi kwa sababu anaogopa kusahau alilotaka kusema, humkumbatia mtoto aliyemjua tangu asubuhi kana kwamba ni nduguye aliyepotea, na akishindwa hubwaga kila kitu na kuondoka. Nilipomuuliza ana marafiki wangapi darasani, aliwataja 12. Katika mwaka mzima, hakuna hata mmoja kati ya hao 12 aliyewahi kumwalika kwao.

Pengo hilo kati ya anavyojiona na anavyoonwa si la binti yangu peke yake. Watafiti wamelishuhudia mara nyingi kwa watoto wenye ADHD: huelekea kujikadiria kuwa wanapendwa zaidi ya wenzao wanavyokiri wanapoulizwa. Mwaka 2005 Betsy Hoza na wenzake, wakitumia watoto walioshiriki katika utafiti mkubwa wa Marekani wa tiba za ADHD unaoitwa MTA, waliwauliza wanafunzi wa madarasa husika ni nani wanampenda na ni nani hawamtaki. Asilimia 52 ya watoto wenye ADHD waliangukia kundi la waliokataliwa, na asilimia 56 hawakuwa na hata rafiki mmoja wa pande mbili, yaani mtoto waliyemtaja naye akawataja; kwa watoto wa kulinganishwa ilikuwa asilimia 32. Nilipozisoma takwimu hizo nilielewa kwa nini mwalimu wa darasa, nilipomwomba anitajie rafiki mmoja wa binti yangu, alinyamaza kidogo kabla ya kusema kwamba anacheza na wote.

Hukumu ya watoto hutoka haraka kuliko sisi wakubwa tunavyodhani. Mwaka 1994 Drew Erhardt na Stephen Hinshaw walionyesha kwamba wavulana wasiofahamiana wakikutanishwa katika kambi ya likizo, wale wenye ADHD huwa wameanza kukataliwa mwisho wa siku ya kwanza. Jina baya likishakaa, linasomwa katika kila tendo. Mtoto mwingine akimgonga mwenzake kwa bahati mbaya, ni bahati mbaya. Yeye akimgonga, amekusudia. Jambo hili nimelisisitiza kwa sababu ndilo kipimo nitakachotumia hapa chini: huduma inayombadilisha mtoto ndani ya chumba fulani tu, mbali na watoto waliokwisha kumhukumu, imeligusa nusu ya tatizo.

Sasa chumba cha watoto. Kimepangwa vizuri, na hilo nalisema bila kinyongo. Ukutani kuna picha za nyuso zenye furaha, hasira, uchovu na aibu. Sakafuni kuna mkeka wenye alama nane, kila mtoto na yake. Na kila kipindi kina somo moja, kama vile kujiunga na mchezo unaoendelea, kupokezana zamu, kushindwa bila kuuvuruga mchezo, au kuuliza swali na kulisikiliza jibu hadi mwisho. Somo la kujiunga na mchezo lilifundishwa kwa hatua nne: simama karibu utazame, tambua ni mchezo gani na una kanuni gani, subiri mchezo utulie kidogo, kisha useme jambo linalohusu mchezo huo badala ya kujitangaza. Mafundisho hayo ni sahihi. Watoto wanaopokelewa vizuri na wenzao ndivyo hasa wanavyofanya, tena bila kufundishwa na mtu.

Katika wiki ya 5 wazazi tuliruhusiwa kutazama kupitia kioo kidogo cha mlango. Binti yangu alikuwa wa kwanza kuinua mkono, akazitaja hatua zote nne kwa mpangilio, akapigiwa makofi na kubandikiwa stika. Haukupita muda mrefu ukafika wakati wa mchezo huru. Watoto wawili walikuwa wakirushiana mpira; akawakimbilia, akaudaka ukiwa bado hewani, akawatangazia kwamba kuanzia sasa mchezo una kanuni mpya. Mmoja wa wale watoto alisimama akamtazama mwezeshaji, na mwezeshaji alikuwa ameinama akiokota stika zilizoanguka.

Tukio hilo lilinieleza kasoro ya chumba kile kuliko maelezo yoyote. Binti yangu hakukosa ujuzi. Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeichunguza ADHD kwa miongo mingi, amesisitiza kwamba shida ya hali hii haimo katika kujua la kufanya bali katika kulitenda unalolijua wakati ule linapohitajika, na kwamba kwa sababu hiyo msaada unapaswa kuwa pale pale tendo linapotokea, si saa kadhaa kabla yake wala baada yake. Kumfundisha hatua nne mtoto aliyekaa kwenye mkeka kisha kutarajia zimfuate hadi uwanjani ni kumpa mwavuli ndani ya nyumba na kuuacha ndani anapotoka kwenye mvua.

Ushahidi mpana nao hauwapi faraja waandaaji wa vyumba vya namna hii. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyochapishwa upya mwaka 2019 yalikusanya majaribio 25 ya mafunzo ya stadi za kijamii kwa watoto na vijana wenye ADHD, yenye washiriki 2,690, na hayakupata uthibitisho kwamba mafunzo hayo huleta badiliko la maana katika stadi za kijamii kama zinavyoonekana na walimu. Tena waandishi wenyewe waliuona ubora wa ushahidi kuwa duni sana, kwa hiyo mlango haujafungwa. Kipeperushi tulichopewa siku ya kujiandikisha hakikudokeza lolote kati ya haya. Kilisema tu kwamba mbinu zake zimethibitishwa kisayansi, maneno ambayo mzazi aliyechoka huyasoma kwa haraka na kuyaamini.

Jambo moja zuri chumbani humo nilitaje, ili nisiwe mchoyo. Mwanzoni watoto walikusanya stika kwa ajili ya zawadi ya wiki ya 12, na zilikuwa hazina nguvu yoyote, kwa kuwa kwa mtoto mwenye ADHD zawadi iliyo mbali ni sawa na zawadi isiyokuwepo. Katika wiki ya 4 wawezeshaji walibadilisha utaratibu: stika tano zilimpa mtoto haki ya kuchagua mchezo wa mwisho siku hiyo hiyo. Tofauti ilionekana tangu kipindi hicho cha kwanza, hata kwa sisi tuliokuwa ukumbini tukisikiliza tu, kwa sababu kelele zilipungua. Ninawasifu kwa kuliona kosa lao na kulirekebisha katikati ya safari. Vilevile sipuuzi faraja ambayo watoto wenyewe waliipata kwa kukutana na wenzao wanaopoteza kalamu na kukatiza maneno kama wao, binti yangu alitoka siku ya kwanza akasema, “Mama, humo ndani hakuna aliyenishangaa.” Kwa neno hilo peke yake ningemrudisha wiki ya pili.

Chumba cha wazazi hakikuwa na mapambo. Kulikuwa na viti, ubao na mwezeshaji wa makamo aliyewahi kufundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi, naye alifungua kikao cha kwanza hivi: “Wazazi wangu, mazoezi ni yenu. Mtoto ana wiki nzima na ninyi. Sisi tuna saa moja na nusu.” Kuanzia hapo alitufundisha jambo moja tu kwa wiki 12, nalo ni namna ya kuandaa ziara ya mtoto mmoja kuja kucheza nyumbani, na namna ya kusimama karibu na ziara hiyo bila kuiharibu.

Wazo hilo halikubuniwa pale. Amori Mikami wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2010 jaribio lililohusisha watoto 62 wenye ADHD wa miaka 6 hadi 10, ambapo sehemu ya wazazi walifundishwa kuwa makocha wa urafiki wa watoto wao. Waliofundishwa hawakuwa watoto, bali wazazi. Hata hivyo walimu, ambao hawakujua ni wazazi gani waliofundishwa, waliripoti kwamba watoto wa wazazi hao walikuwa wakikubaliwa zaidi na wenzao. Mantiki yake ni ile ile ya Barkley: mzazi yupo wakati na mahali tendo linapotokea, mwezeshaji hayupo.

Mengi tuliyofundishwa yalipingana na niliyokuwa nikifanya. Mimi nilikuwa nikialika watoto watano kwa pamoja, nikiamini kwamba katika watano hakosekani mmoja. Mwezeshaji alieleza kwamba kundi humzidishia mtoto wetu vichocheo na mashahidi, na kwamba urafiki huanza kati ya wawili. Nilikuwa nikimwelekeza binti yangu kwa watoto wanaopendwa na wote. Tukaambiwa tumtafute mtoto ambaye tayari anaonyesha dalili ndogo za kumtaka, aliyemsubiri mlangoni au aliyecheka kichekesho chake, hata kama ni mkimya, hata kama ni mdogo kwake kwa mwaka mmoja. Nilikuwa nikiacha ziara iendelee hadi watoto wachoke. Tukafundishwa kuanza na saa moja na kuwaaga wakati bado wanataka kuendelea, kwa kuwa kinachomrudisha mgeni ni jinsi alivyojisikia dakika za mwisho. Hili la mwisho lilinigharimu kulikubali, maana mtoto akicheza vizuri baada ya miezi ya upweke, mkono wa mzazi hauendi kwenye saa kirahisi.

Maandalizi kabla ya ziara yalipewa uzito kuliko ziara yenyewe. Vitu ambavyo mtoto hawezi kuvumilia vikiguswa hufichwa kabla ya mgeni kufika, ili asilazimishwe kugawana kitu ambacho hata mtu mzima asingekigawa. Shughuli mbili huchaguliwa mapema pamoja na mtoto, nazo ziwe na mikono na mwendo, zenye mwisho unaoonekana, kama kujenga kitu au kutafuta vitu vilivyofichwa; michezo ya ushindani huahirishwa hadi ziara za baadaye, na ikichezwa iwe ya raundi fupi ili anayeshindwa asikae na kushindwa kwake kwa muda mrefu. Michezo ya kwenye skrini haikupigwa marufuku, ila tuliambiwa isiwe ya kwanza, kwa sababu watoto wawili wanaotazama kioo kimoja wanaweza kumaliza saa nzima bila kufahamiana. Kisha mzazi na mtoto hukubaliana lengo moja, moja tu, la siku hiyo. Letu la kwanza lilikuwa kwamba mgeni ndiye anayechagua mchezo wa kwanza, na kwamba nikigusa sikio langu maana yake ni kwamba zamu imepita.

Wakati wa ziara mzazi hukaa pale anaposikia lakini hachezi. Akiona mambo yanaelekea kubaya hutoa ile ishara, au huingia na jambo la kawaida linalobadilisha hewa, bila kumkemea mtoto mbele ya mgeni wake, kwa kuwa kila karipio mgeni analolisikia ni ushahidi mwingine dhidi ya mwenyeji. Mgeni akishaondoka, mazungumzo ni mafupi, na sifa inataja tendo lenyewe: ulimwachia achague, ukangoja. Mwezeshaji alituzuia kabisa kusema “leo ulikuwa mtoto mzuri”, akisema kwamba sifa ya namna hiyo haimwambii mtoto arudie nini.

Mgeni wetu wa kwanza alikuwa mwanafunzi mwenzake, mkimya, ambaye mwalimu alinidokeza kwamba humtazama binti yangu akicheka. Ziara ilidumu dakika 50. Niligusa sikio mara nne. Mara mbili aliona, mara moja alijifanya hajaona, na mara moja hakuona kabisa kwa sababu alikuwa amenipa mgongo, jambo ambalo halikuwa limetajwa katika mafunzo. Mgeni alipokuwa akivaa viatu, binti yangu alininong'oneza, “Mama, naweza kumwambia kwamba yeye ndiye rafiki yangu wa dhati?” Nikamwambia amngoje aje mara nyingine. Alingoja, na kwa mtoto ambaye hajawahi kulingoja neno lolote, nililiona hilo kuwa jambo kubwa kuliko dakika 50 zote.

Ziara ya tatu iliharibika. Tuliipanga jioni, baada ya siku ndefu ya masomo, na ndani ya robo saa alikuwa amemnyang'anya mgeni kipande cha mwisho cha ujenzi na kukibomoa walichojenga pamoja. Nilipoisimulia katika kikao kilichofuata, mzazi mwingine, si mwezeshaji, ndiye aliyeniuliza kama mtoto anatumia dawa na kama saa ile nguvu yake ilikuwa imekwisha. Ilikuwa imekwisha. Dawa za kuchochea umakini, ambazo ndizo hutumiwa zaidi kwa hali hii, hufanya kazi kwa saa chache au kwa sehemu kubwa ya mchana kulingana na aina, na jioni mtoto huweza kubaki bila msaada huo huku akiwa amechoka. Hili ni pengo ambalo siwezi kulisamehe katika mafunzo yanayowahusu watoto ambao wengi wao hutumia dawa: katika wiki 12 hakuna aliyetuambia tupange ziara kwa kuangalia saa za dawa, wala tuzungumze na daktari kuhusu muda wa jioni. Wala hakuna aliyetuambia upande wa pili wa jambo hilo, kwamba dawa hupunguza dalili lakini peke yake haimrudishii mtoto nafasi aliyokwisha kuipoteza kwa wenzake. Watoto wa MTA waliopata dawa na tiba ya tabia bado walibaki nyuma ya wenzao katika kukubalika.

Pengo la pili ni shule. Mwalimu hakuhusishwa kwa lolote, hata kwa barua moja. Nimeshasema kwamba jina la mtoto hukaa vichwani mwa wenzake, na mtu mwenye uwezo mkubwa wa kulibadilisha ni mwalimu: anavyomsahihisha mtoto huyu mbele ya darasa au kando, anayemkalisha naye, kazi anayompa wengine wamwone akiifanya vizuri. Mikami huyo huyo ameandaa na kuyajaribu mafunzo ya walimu yenye mwelekeo huu, ambayo humtaka mwalimu abadilishe mtazamo wa darasa zima badala ya kumbadilisha mtoto mmoja. Mimi nilikwenda kwa mwalimu mwenyewe katika wiki ya 7 na kumwomba amketishe binti yangu karibu na yule mgeni wetu wa kwanza, naye akakubali bila shida. Ombi hilo lilichukua dakika tano. Lingeweza kuwa kazi ya nyumbani ya wiki ya kwanza.

Halafu kuna fomu. Kila wiki mzazi alipewa karatasi mbili zilizojaa visanduku vya kujaza baada ya ziara: muda, lengo, ishara zilizotolewa, sifa zilizotolewa, hisia za mzazi kwa kipimo cha 1 hadi 10. ADHD hurithiwa kwa kiwango kikubwa. Tafiti za mapacha zimekadiria kwamba takribani robo tatu ya tofauti kati ya watu katika hali hii hutokana na vinasaba. Maana yake ni kwamba katika chumba cha wazazi wa watoto wenye ADHD, baadhi yao wanayo, wakijua au wasijue. Kuwapa hao karatasi mbili za visanduku kila wiki na kushangaa kwamba hazirudi ni kichekesho ambacho waandaaji hawakukiona. Kufikia wiki ya 6 zilirudi karatasi za wazazi watatu. Yangu haikuwa miongoni mwake. Niliikuta mwezi uliopita ndani ya kitabu cha hadithi, imetumika kama alama ya ukurasa.

Yapo pia ambayo hayafai kwa kila mtoto. Katika kundi letu kulikuwa na mvulana ambaye ADHD yake ilikuwa ya kutozingatia bila utukutu: hakumsukuma mtu wala kumkatiza, alipotea tu katikati ya mazungumzo, na wenzake hawakumkataa bali walimsahau. Karibu kila somo lilihusu kujizuia, jambo ambalo yeye hakulihitaji. Wazazi wa watoto wa namna hiyo, na miongoni mwa watoto hao wamo wasichana ambao hali yao huchelewa kutambuliwa, waulize kabla ya kujiandikisha kama kuna masomo ya kuanzisha mazungumzo na kuyafuatilia. Kwa vijana waliobalehe nisingeyapendekeza kabisa, kwa sababu nguvu yote ya mafunzo haya imo katika mzazi anayekaa karibu na mchezo, na kijana wa miaka 14 hatamvumilia mzazi huyo hata kwa dakika kumi. Na mzazi ambaye kazi yake haimruhusu kufika kila wiki asidanganywe kwamba inatosha kumwacha mtoto mlangoni. Waandaaji waliliruhusu hilo kwa familia mbili, na kwa maoni yangu waliziuzia nusu isiyofanya kazi.

Kwa mtoto wa miaka 7 hadi 11 mwenye papara, ambaye mzazi wake anaweza kuhudhuria na kuigeuza nyumba kuwa mahali pa mazoezi, ninayapendekeza, kwa nyota tatu kati ya tano. Chumba cha watoto peke yake ningekipa mbili, na moja kati ya hizo ni ya neno lile la siku ya kwanza. Chumba cha wazazi ningekipa nne na nusu, nikizuia nusu kwa ajili ya dawa, shule na visanduku.

Kikao cha ufuatiliaji ni kimoja tu, miezi mitatu baada ya kumaliza, nacho ni kidogo mno. Tulipofika, tuliombwa tujaze fomu moja ya mwisho yenye swali kwamba mtoto ana marafiki wangapi sasa. Binti yangu aliisoma begani mwangu, akafikiri, akaniambia niandike mmoja. Mtoto huyo mmoja amekuja kwetu mara tisa, na sisi tumealikwa kwao mara mbili, ya pili bila sisi kualika kwanza. Chini ya fomu kulikuwa na nafasi ya maoni. Niliwaandikia wawaite wazazi chumbani tangu dakika ya kwanza, badala ya kutuacha saa nzima kwenye mabenchi. Wamejibu kwamba kundi lijalo litapewa dakika 45.